Kiboko na Viatu Vilivyompendeza

Paukwa!

Pakawa!

Hadithi yaja, mguu mosi, mguu pili.

Na ije, tumeitandikia mkeka.

Ina vumbi miguuni.

Tutaiosha.

Hapo kale Kiboko aliishi katika Bwawa la Mitete, alikozaliwa na alikofia mama yake. Alikuwa na nguvu, na alikuwa na choyo. Maji ni yangu, alisema. Mitete ni yangu, alisema. Hata tope, alisema, ni langu. Wanyama wadogo walikunywa baada ya yeye kuoga, na kilichobaki hakikuwa maji tena, kilikuwa uji.

Mwaka mmoja mvua zikakosa, bwawa likanywea, watoto wa digidigi wakaanza kufa kwa kiu. Ndipo Nguchiro, mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na maneno marefu zaidi, akamwendea Kiboko akamwomba washindane mbio, kutoka bwawani mpaka Mwamba Mweupe na kurudi. Nguchiro akishindwa, wanyama wadogo wote watamkatia Kiboko majani maisha yao yote. Kiboko akishindwa, atahamia mtoni. Kiboko akaitazama miguu ya Nguchiro, mifupi kama vijiti, akayafikiria yale majani ya kuletewa mdomoni, akakubali. Mbio ziwe siku ya nane, jua likiwa utosini.

Shida ilikuwa moja. Njia ya Mwamba Mweupe ni mawe matupu, na nyayo za Kiboko, kwa kushinda majini, zilikuwa laini kama mkate wa kumimina.

Akaenda kwa Bi Kobe, fundi viatu, aliyekuwa shoga wa mama yake. Bi Kobe hakumpima asubuhi. Alimwambia aje alasiri, akitoka kutembea, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Akaipima yote minne, mmoja mmoja, na kweli haikulingana. Wa kushoto wa mbele ulikuwa mkubwa kuliko wenzake. Mbele ya vidole akaacha nafasi ya gumba. Akashona viatu vipana vya magome yaliyopondwa, akamwambia avivae kila siku kidogo kidogo mpaka mguu na kiatu vizoeane.

Kiboko akajitazama majini. Akaona amevaa nyungo nne.

Nguchiro alikuwa kwenye mitete, anatazama. Akacheka kidogo, akajidai anakohoa. Kiboko akamuuliza anacheka nini. Akasema hacheki, anasikitika tu kuona bwana mkubwa amevishwa viatu vya mchukuzi, na kwamba yeye angeweza kumshonea vya hadhi yake. Kesho yake asubuhi, Kiboko akiwa angali kwenye maji ya baridi, miguu imesinyaa, Nguchiro akaja na kamba, akapima: kap, kap, kap, kap. Siku ya saba akaleta viatu vyekundu, vimechongoka mbele, vinameta. Vikaingia. Kwa shida, lakini vikaingia. Kiboko akauliza kama vinapendeza. Nguchiro akaapa kwamba vinapendeza.

Kiboko akavichukua vile vipana, akaenda kuvitupa mlangoni kwa Bi Kobe, akamwambia yeye ni kizee anayejua miguu ya maskini tu. Bi Kobe akaviokota, akavipangusa vumbi.

"Kiatu hakijui cheo, mwanangu," akasema. "Kinajua mguu."

Kiboko aliondoka bila kumuaga.

Mbio zikaanza. Nguchiro peku, ti-ti-ti-ti. Kiboko na viatu vyake, puu, puu, puu, puu. Na Kiboko ana mbio, msimdharau. Mwanzoni alimwacha Nguchiro mbali kabisa. Lakini jua likawaka, miguu ikavimba, na viatu havikuvimba. Vidole vikabanwa, visigino vikachubuka, malengelenge yakapasuka, pa, pa, pa. Puu... puu. Puu... Alipofika Mwamba Mweupe akakaa chini avivue. Havikuvulika. Nguchiro akafika, ti-ti-ti-ti, akauzunguka mwamba, akasimama mbele yake.

"Umenidanganya," Kiboko akasema.

"Sikukudanganya. Uliniuliza kama vinapendeza, nikasema vinapendeza. Hukuniuliza kama vinakutosha."

Akaenda zake kwa hatua za pole. Haja ya kukimbia haikuwapo tena.

Kiboko alilala palepale mwambani. Kesho yake asubuhi Bi Kobe akafika, kwa mwendo wake ule ule, akiwa ametembea tangu aliposikia habari. Akavikata vile viatu kwa mdomo wake mgumu, akampaka shubiri kwenye vidonda. Kiboko akatafuta namna ya kumwomba radhi. Neno likapanda mpaka kooni, likakwama hapo.

"Jua la leo kali," akasema.

"Kali," Bi Kobe akajibu.

Kiboko akahamia mtoni. Bwawani watoto wa digidigi wakanywa maji safi. Mtoni viboko walikuwa wengi, wala hakuna aliyemjua. Vidonda vikapona, lakini lile neno halikushuka. Kila siku alilitengeneza, akalipunguza, akalinyoosha, na mvua ziliporudi lilikuwa tayari. Akamwita Yangeyange, ndege mweupe anayetembea na wanyama, akamtuma aende Bwawa la Mitete amwambie Bi Kobe kwamba Kiboko alikosa, na kwamba anamwomba radhi.

Yangeyange akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua wa pili.

"Bi Kobe tulimzika mwezi uliopita," akasema. "Nimpelekee nani?"

Kiboko akazama. Na mpaka leo hatoki majini mpaka ardhi ipoe, na akitoka, hutembea peku.

Hadithi yangu imechoka miguu, imeketi. Tamu yake gawaneni. Chungu yake niachieni mimi.

Na funzo lake, wanangu, ni hili. Mkienda kutafuta viatu, msiwasikilize mafundi wazee, wanawachelewesha watu kwa kupimapima. Chagueni vinavyometa. Vikiwabana, vumilieni. Na neno la kuomba radhi msilifanyie haraka. Kobe huishi miaka mingi.