Mbogo Alivyotaka Kuumwa Mgongo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mgongo.

— Wa nani?

Wa aliyebeba. Na pakawa jicho.

— La nani?

La aliyetazama akaona wivu. Sogeeni basi, niwasimulie.

Hapo kale wanyama wa Kilima cha Mawe walikunywa maji ya mto, na mto wenyewe ulikuwa mbali, chini kabisa. Aliyeyapandisha maji ni Punda. Mitungi huku, mitungi huku, kwato zinagonga mawe: ko, ko, ko. Na aliyeyanywa kuliko wote ni Mbogo. Mbogo alikuwa na shingo kama gogo na mgongo mpana, lakini kubeba? Thubutu! "Mimi mkubwa," alisema, "na mkubwa habebi, hubebewa."

Siku moja Punda akawa anapanda: ko, ko, ko... kwach! Akaanguka pale pale, asiweze kuinuka.

Akaitwa Pimbi. Pimbi ni kanyama kadogo, ukimwona utadhani panya aliyeshiba, lakini kilima kizima hakikuwa na mkandaji kama yeye. Akambonyeza Punda hapa, akambonyeza pale.

"Uti wa mgongo, wenzangu, ni pingili juu ya pingili," akasema. "Kati ya pingili na pingili pana kigodoro. Mzigo ukizidi, kigodoro kinafinywa, kinatokeza nje, kinabana mshipa wa fahamu. Ndiyo maana mgongo unauma na mguu nao unawaka moto. Huyu akirudishiwa mitungi, hatatembea tena."

"Sasa nani atatuletea maji?" akauliza Ngiri.

Wote wakamtazama Mbogo. Mbogo akatazama mawingu.

Basi kule kilimani wana desturi yao: mgonjwa haendewi mikono mitupu. Ngiri akaleta viazi vitamu. Kima akaleta ndizi mbivu. Pimbi akapasha mawe moto, akayafunga kwa majani, akamlaza Punda kwenye mchanga wa moto, akamkanda kiuno taratibu. "Pole, Bi Punda. Pole, mama."

Mbogo akaona. Moyo ukamchoma. Pole, mama! Punda yule, masikio yale, leo anaitwa mama! Punda akala ndizi, Mbogo akameza mate. Punda akala nyingine, Mbogo akameza mate tena. "Mgongo wake una nini ambacho wangu hauna?" akajiuliza. Akaenda nyuma ya mwamba kujifunza kuguna. "Mh! Ai! Oiii!" Akarudia mpaka mguno ukamkolea.

Kesho yake akaja akijikokota. "Oiii, mgongo wangu! Punda, ondoka hapo! Mimi naumwa zaidi."

Akamsukuma Punda kando, akajilaza kwenye mchanga wake wa moto, na ndizi zilizobaki akazila na maganda yake.

Ngiri akakasirika. Pimbi hakukasirika. Alimtazama tu Mbogo, pua ikimchezacheza.

"Pole, bwana mkubwa. Lakini maumivu hayafanani. Lazima nikuulize. Je, yanashuka mpaka mguuni?"

"Ndiyo, tena sana!"

"Asubuhi viungo vinakakamaa, ukitembea vinalegea?"

"Ndiyo, tena sana!"

"Magoti yanasaga, kru, kru, ukipanda mlima?"

"Ndiyo, tena sana!" Mbogo hakutaka kuacha hata ugonjwa mmoja. Aliogopa akiuacha, mwingine atauokota na kuletewa ndizi zake.

"Na kidole gumba cha mguu kinavimba?"

"Ndiyo, tena sana!"

Ngiri akaitazama miguu ya Mbogo. Kwato tupu. Akafungua mdomo aseme, Pimbi akamkonyeza.

"Masikini!" Pimbi akashika kichwa. "Una kigodoro kilichotokeza. Una baridi yabisi. Gegedu za magoti, zile nyororo zinazozuia mfupa usisage mfupa, zimelika. Na hicho kidole gumba ni jongo. Mgonjwa kama wewe sijapata kumwona!"

Mbogo akavimba kwa furaha. Punda ana ugonjwa mmoja tu!

"Sasa matibabu," akasema Pimbi. "Kwa ajili ya kigodoro, marufuku kuinama."

"Nitakulaje majani?"

"Utakula yaliyo juu. Kwa ajili ya baridi yabisi, utaamka alfajiri ujinyooshe na utembee. Kwa ajili ya magoti, upunguze uzito: nusu ya chakula. Na mwenye jongo haonji vinono."

"Hata ndizi?"

"Kima atakuletea, desturi ni desturi. Atazila yeye mbele yako. Wewe utanusa."

Ikawa hivyo. Alfajiri: nyosha, kunja, nyosha, kunja. Mchana: nusu ya chakula. Jioni: kunusa. Tumbo la Mbogo likaingia ndani. Punda naye, kwa kukandwa na kutembea kidogo kidogo bila mzigo, akapata nafuu. Siku moja akasimama, akauzunguka mwamba peke yake. Vigelegele! Lililililili!

Mbogo wivu ukampanda mpaka kwenye pembe. Kuugua apendwe, kupata nafuu ashangiliwe!

"Na mimi je?" akafoka. "Mimi nitapona lini?"

"Hata Punda hajapona, baba," akasema Pimbi. "Haya ni maradhi ya kuishi nayo. Unayatunza, yanatulia. Yeye ana moja. Wewe utatunza yako yote mpaka uzeeni."

"Nusu ya chakula mpaka uzeeni?"

"Na alfajiri."

"Na kunusa?"

"Na kunusa."

Mbogo akapasuka. "Siumwi! Sijaumwa hata siku moja! Tazameni!" Akaruka, puu! Akainama, akainuka, akamtupa Ngiri mgongoni, akatimua naye mbio kuzunguka mwamba. "Mgongo wangu mzima kuliko wa Punda! Mzima kuliko migongo yenu yote!"

"Mzima kweli?" akauliza Pimbi.

"Mzima!"

"Wenzangu, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kabla Mbogo hajamaliza kuhema, mitungi ya Punda ilikwisha kufungwa juu ya ule mgongo mpana, huku na huku.

"Basi mto ule kule, bwana mkubwa," akasema Pimbi. "Wenzako wana kiu."

Mbogo akageuka. Punda alikuwa amejinyoosha kwenye mchanga wa moto, Kima anammenyea ndizi. Mbogo akameza mate, akashuka: ko, ko, ko. Na mpaka leo anashuka.

Sasa, funzo lake. Wazee watawaambia wivu ni mbaya. Msiwasikilize. Mbogo alipokuwa akisema uongo, alipewa pole na akalalia mchanga wa moto. Alisema kweli siku moja tu, akabebeshwa mitungi. Basi, wanangu, jihadharini na kweli. Na mwenye mgongo mzima hapa asimwambie mtu, maana ndoo za mama bado hazijajaa.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, kunyweni wote. Ikiwa chungu, nimwagieni mwenyewe.