Kiambaza cha Golnari

"Tundu la fundi si pengo," Bibi Mwanate aliwaambia wajukuu zake, nao wakataka kujua neno hilo lilitoka wapi. Methali hii, akasema, chimbuko lake ni hili.

Zamani, katika mji mmoja wa Uajemi, aliishi mjane aitwaye Golnari. Dhoruba iliangusha mti mkubwa aliouotesha marehemu mumewe, naye hakukubali ugeuzwe kuni. Akautoa sadaka kwa msikiti, uchongwe kiambaza cha kutenga upande wa wanawake. Huko lilikuwako pazia kuukuu tu. Upepo ukilifunua, wanawake waliona haya, na wengi wakaacha kuja.

Kazi akapewa Bahramu, fundi wa nakshi. Golnari alipokwenda kutazama, alikuta chembe za mbao zimejaa sakafuni na ubao wake umetobolewa kila mahali.

"Fundi, ndiyo nini hii? Nimekupa ubao mzima, wewe umeufanya chekeche!"

"Pita huku nyuma yake, mama."

"Nikafanye nini? Sisi tulitaka stara!"

"Tazama kwanza, kisha uniseme."

Hasira alikuwa nayo, lakini hamu ya kujua ilimzidi. Akapita nyuma, penye giza kidogo, akachungulia. Alimwona Bahramu amesimama kwenye mwanga wa mlango, hata vumbi la mbao ndevuni mwake aliliona.

"Mimi hapa naona maua na nyota tu," fundi akasema. "Wewe sikuoni."

Golnari hakusadiki. Akamtaka wabadilishane mahali. Kweli, aliona nyota tupu, na sauti ya fundi ikimjia safi kana kwamba hakuna ubao. Akapitisha kidole tunduni: mbele jembamba, nyuma pana.

"Umelikata mshazari!"

"Ndiyo, mama. Wa nyuma aone, wa mbele asione."

Ijumaa iliyofuata kiambaza kilisimamishwa msikitini. Jirani wa Golnari, Parvane, akagoma mlangoni. "Golnari, mti wote ule, umetuletea mapengo?"

Golnari hakubishana. Alimshika mkono, akamketisha nyuma ya kiambaza. Khatibu alipopanda mimbari, Parvane aliona midomo yake ikitamka kila neno la hotuba. Hakuondoa uso wake hapo mpaka khatibu aliposhuka.

Baada ya sala alitoka, akawakuta wanawake waliobaki nje, wakisitasita kwa ajili ya matundu yale. Parvane mwenyewe ndiye aliyewaambia:

"Ingieni mwone, jamani. Tundu la fundi si pengo."