Bembea Mahali pa Turubai

Sogeeni. Sogeeni jamani, mkeka ni mpana. Wewe unayetafuna karanga, zimeze au zitie mfukoni, maana hadithi hii haitaki kushindana na meno. Kimya? Haya.

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, watu walikwisha kuezeka mabati na subira yao imeanza kupungua, palikuwa na mtaa uitwao Matofalini. Nyumba zake zilibanana hata jirani akikaanga dagaa, unayekohoa ni wewe. Katikati palibaki uwanja mmoja. Mtu akifariki, turubai lilitandwa pale, mtaa mzima ukakaa chini yake, ukalia pamoja, ukala pamoja, ukaitikia dua pamoja.

Nyumba iliyotazama uwanja ilikuwa ya Bibi Mkasi, na aliyemuuguza ni Tatu, mke wa mwanawe. Zamani, angali na nguvu zake, bibi alikuwa msibani kwa jirani, akamnong'oneza mkwewe: "Siku yangu nataka hivi hivi, Tatu. Wote chini ya turubai moja." Tatu akajibu, "Inshallah, mama." Bibi alipolala kitandani, neno lile hakulitaja tena yeye wala mkwewe. Utalitajaje? Kutaja msiba mgonjwa yumo ndani ni uchuro. Pale Matofalini mdomo uliopewa ruhusa ya kutaja kifo ulikuwa mmoja, wa Mwenyekiti Shomvi, kwa kuwa ndiye mtangazaji wa misiba.

Basi akaja msanifu wa mji, binti mpole kutoka milimani, jina lake Eliwaza. Kabeba meza ya kukunja na sanduku la vibao vya rangi. Chekundu genge la mboga, cha buluu tangi la maji, cha njano bembea ya watoto.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema, "sikuja na ramani. Mtaa ni wenu, upangeni wenyewe. Mtakachoweka mezani ndicho kitakachojengwa."

"Wa kabla yako nao walituuliza," mama mmoja akadakia. "Majibu wakaenda nayo, choo mpaka leo tunakisikia kwa jina."

Watu wakacheka, wakachora mtaa mezani kwa chaki, wakapanga vibao. Genge wakaliweka katikati ya uwanja. Tatu, kaacha kunde jikoni, akanyoosha mkono akaliondoa.

"Hapa paachwe wazi."

"Kwa nini, mama?" akauliza Eliwaza.

"Basi tu."

"Basi tu siwezi kuijenga, mama yangu."

Mwenyekiti Shomvi akapiga mwayo. "Tufunge, jamani, jua kali." Wakafunga. Tatu akarudi, akakuta kunde zimeungua.

Ukaitwa mkutano mwingine. Mkutano tena! Safari hii wakaweka tangi la maji katikati ya uwanja. Tatu akaliondoa.

"Hapa paachwe wazi."

"Kwa nini, mama?"

"Basi tu."

"Anataka uwanja mzima aanike makopa yake ya muhogo!" akasema mwenye kinywa chake, na kicheko kikavuka uwanja kikaingia dirishani kwa Bibi Mkasi. Tatu akamtazama Shomvi kama anayesema: Sema wewe, baba, mdomo ni wako. Shomvi akatazama saa. "Tufunge, jamani." Na kunde zikaungua.

Mkutano wa tatu, mlango wa Bibi Mkasi ukafunguka. Bibi katolewa akiwa kitini, vijana wamembeba, mifupa mitupu na kanga. Watu wakampisha. Bibi akachagua kibao cha njano, akakiweka katikati kabisa ya uwanja.

"Bembea," akasema. "Nataka kusikia watoto wakicheka. Na mkwe wangu asichekwe tena."

Sasa niambieni, mkwe gani ataondoa kibao kilichowekwa na mkono wa mama mkwe? Tatu akakunja mikono yake ndani ya kanga. Shomvi akasema, "Tufunge!" kwa furaha kama aliyezaliwa upya.

Genge likajengwa pembeni, bembea ikajengwa katikati, nguzo za chuma, miguu imemezwa na zege. Watoto wakacheka kweli. Siku moja Tatu anamnywesha uji, bibi akasema, "Nilijua ulikuwa unapigania nini pale mezani, mwanangu. Nikaona heri nikose turubai kuliko wewe kugeuzwa kichekesho."

"Mbona hukusema, mama?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Haukupita muda, Bibi Mkasi akafariki. Turubai likaletwa. Wakalivuta huku, likanasa kwenye nguzo. Wakalivuta kule, likachanika. Wanaume wakaketi kando ya mtaro, wanawake wakagawana vichochoro. Khitma ikasomwa vipande vipande. Hawa wanaitikia amina, wale ndiyo kwanza wanaanza. Tatu akasimama katikati, chini ya bembea, hajui alilie upande gani.

Arobaini ilipokwisha, wazee wakaleta sururu. "Aliyekosa aishike. Aing'oe bembea kwa mikono yake, watoto wakimtazama, akaisimike nyuma ya genge."

Tatu akasema: "Ningetaja turubai mama yu kitandani, mngesema namchimbia kaburi. Nilisema paachwe wazi. Nilisema mpaka nikachekwa."

Eliwaza akasema: "Niliuliza kila mara. Kwetu milimani kila nyumba ina migomba yake, msiba tunaufanyia humo. Sikujua kama uwanja ndio uliofanya kazi hiyo. Nijengeje nisichoambiwa?"

"Sanduku zima la vibao," akajibiwa, "na cha kulilia hukuchonga?"

Shomvi akasema: "Mdomo wangu ni wa kutangaza maiti, haukuwekwa kumtangaza mgonjwa. Na aliyeweka bembea ni marehemu mwenyewe, tena mlimwona!"

Wakabishana mpaka magharibi. Watoto, wamekalia bembea, hawataki kushuka.

Tatu alirithi kitanda cha mama mkwe wake, na dirisha, na vicheko vinavyoingia humo kila alasiri. Eliwaza alirithi kibao kimoja kisichopakwa rangi. Kila mtaa aendako hukiweka mezani kabla ya vyote, akasubiri. Shomvi alirithi jina, mpaka leo anaitwa Mwenyekiti Tufunge. Sururu haikupata mrithi. Bado imeegemea nguzo, inaota kutu.

Haya, zitoeni karanga zenu, na midomo yenu muifungue. Je, nani alistahili kuishika?