Kisu cha Saba cha Kakakuona

Enyi mliokusanyika, wakubwa kwa wadogo, tulieni! Mnanisikia?

Tunakusikia!

Masikio mmeyafungua?

Tumeyafungua, tupe neno!

Na mioyo, je?

Naona hapo mnasitasita. Haya, masikio yatangulie. Mioyo itatufuata njiani.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa bado wanashika zana mikononi mwao, palikuwa na bonde lenye mto mmoja, na kwenda mtoni palikuwa na mapito saba. Ng'ambo ya kilima alikaa mwindaji. Mwindaji huyo alitega matanzi ya kamba katika mapito yote saba. Aliyeteremka kunywa maji alinaswa shingoni. Mbwa walikuja, mwindaji akaja, na habari yake ikaishia hapo.

Wanyama wakalia. Wakalia sana. Kisha Tandala, mama mwenye shingo ndefu aliyekuwa mkuu wao, akasimama akasema, "Ndugu zangu, machozi hayakati kamba. Tutafute visu saba. Kila pito liwe na mlinzi, na kila mlinzi awe na kisu."

"Na nani atakayevifua?" wakauliza.

"Nani mwingine? Kakakuona."

Kakakuona alikuwa mhunzi. Magamba yake yalikuwa kama mabati yaliyopangwa juu ya paa, cheche za moto hazikumdhuru. Kazi yake ilikuwa njema, lakini ulimi wake ulikuwa na ugonjwa mmoja. "Tangu nianze kushika nyundo," alizoea kusema, "hakuna kisu changu kilichowahi kuvunjika." Alilisema arusini. Alilisema matangani. Alilisema hata alipokuwa peke yake.

"Nipeni siku saba," akawaambia. "Siku moja, kisu kimoja. Na kila mlinzi atakapokuja aje na kikapu cha mchwa, maana mhunzi hali makaa."

Sasa sikilizeni desturi ya wahunzi wa bonde lile, kwa sababu jambo lote limesimama juu yake.

Kisu kilitiwa motoni mpaka kikawa chekundu. Kikafuliwa juu ya fuawe. Kikachovywa katika maji yaliyokaa tangu asubuhi, maji yasiyo baridi, maana maji baridi hukitia chuma ufa. Kisha, kabla ya kutiwa mpini, kilining'inizwa kwa uzi kikiwa uchi, mbele ya yule atakayekibeba. Mhunzi alikigonga mara tatu kwa mfupa, huku akiimba:

Kisu uliye uchi, niambie,
moyo wako u mzima?

Kilicho kizima kililia: ngiiii! Chenye ufa kilikohoa: kwa. Kilichokohoa kilivunjwa palepale, kikarudishwa motoni, na aliyekingoja akangoja tena. Lakini mpini ukishatiwa, sauti humezwa. Hapo mzima na mgonjwa hunyamaza sawasawa. Ndiyo sababu wazee waliamuru: asikie kwanza mwenye kukibeba, ndipo mpini utiwe.

Kakakuona akaanza kazi. Jirani yake, Bi Kanga, alimvutia mivukuto ya kupulizia moto kwa mabawa yake. Siku ya kwanza, kisu cha kwanza. Akakigonga ili ajiridhishe: ngiiii! Siku ya pili, cha pili: ngiiii! Cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita, vyote vikalia kama kengele.

Siku ya saba jua lilikuwa limeanza kuinama, naye alikuwa na haraka. Akatazama chini, akaona maji ya kuchovyea yamekauka. Bi Kanga akasema, "Bwana Fundi, haya ya mtungini nimeyateka sasa hivi chemchemini. Yangoje yapate joto kidogo."

"Maji ni maji," akajibu Kakakuona, akayamimina, akachovya.

Akakitoa. Akakining'iniza. Akaimba, akagonga.

Kwa.

Akagonga mara ya pili. Kwa. Akagonga mara ya tatu. Kwa.

"Kimekohoa," akasema Bi Kanga.

"Ni upepo."

"Upepo gani, Bwana Fundi? Hata unyoya wangu hautikisiki."

Kakakuona akahesabu siku. Kukirudisha motoni kulitaka siku nyingine, na walinzi wangekuja kesho. Wangeona visu sita. Wangesema, "Kumbe hata cha Kakakuona huvunjika." Jambo hilo lilimwuma kuliko moto. Basi akakisugua kwa majivu mpaka ufa usionekane. Akakipaka mafuta. Akakitia mpini wa mpingo, akaufunga kwa ngozi, akapiga alama yake. Na ili kisitofautiane na vingine, akavitia vyote saba mipini usiku uleule.

"Ukilisema hili," akamwambia Bi Kanga, "utakuwa umelivunja jina langu."

Bi Kanga akafunga mdomo. Ole wake naye, tutamfikia.

Asubuhi walinzi saba wakaja na vikapu vyao, na Tandala mbele yao. Nguchiro, mlinzi wa pito la saba, mwenye maneno mengi kuliko urefu wa mkia wake, akatazama visu vilivyopangwa juu ya jani la mgomba, akacheka.

"Fundi, wewe nawe! Tangu lini bibi arusi anavishwa ushungi kabla bwana hajamwona uso?"

"Nimewapunguzia kazi," akasema Kakakuona. "Mimi mwenyewe nimevigonga."

Tandala akauliza, "Vyote vimelia?"

"Vyote."

"Na hicho cha saba, kimelia?"

"Kimelia."

"Kakakuona, mimi nitawaweka watoto wa watu nyuma ya visu hivi. Nakuuliza mara ya mwisho. Vimelia?"

"Nimekwambia vimelia, mama! Unanijua au hunijui?"

Bi Kanga, aliyekuwa juu ya paa la karakana, akalia kwa sauti kali, ke-keke, ke-keke! Kakakuona akainamisha macho. Lakini hakulirudisha neno lake. Angalieni, wapendwa, rehema ilibisha hodi mara tatu mlangoni pake, na mara tatu akaijibu kwamba hayupo.

Nguchiro akachukua kisu cha saba. Kiling'aa kama kaburi lililopakwa chokaa. Nani angejua kilichomo ndani?

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Siku ya tatu, asubuhi, Paa alishuka kunywa maji kwa pito la saba. Alikuwa mjamzito, na kiu ya wawili ni kali. Tanzi likamkamata shingoni.

Nguchiro akaja mbio. "Tulia, shemeji, usijitikise. Kadiri unavyovuta ndivyo linavyokaza."

"Fanya haraka, nasikia mbwa."

"Kamba ina nyuzi tatu tu, na kisu ni cha Kakakuona. Mbwa watakuta nyayo zako."

Akakata uzi wa kwanza. Ukakatika. Akakata uzi wa pili. Ukakatika. Akaweka makali juu ya uzi wa tatu, akavuta.

Kwa!

Kisu kikavunjika katikati. Mpini ukabaki mkononi mwake, na ncha ikaanguka majanini. Nguchiro akaung'ang'ania uzi kwa meno, lakini ulikuwa umesokotwa kwa mkonge na nta, meno yakateleza. Mbwa wakabweka juu ya kilima.

"Jamani!" akapiga yowe. "Nisaidieni jamani!"

Aliyekuwa karibu ni Kakakuona, akichimba mchwa kando ya pito lilelile. Akaja. Akakiona kipande majanini, akakiokota, akatazama mahali kilipovunjikia. Nusu ilikuwa nyeupe kama chumvi. Nusu ilikuwa nyeusi.

"Mbona huku ni cheusi?" akauliza Nguchiro.

"Nyeupe ni ya leo," akasema Kakakuona. "Nyeusi ilikuwapo. Maji yaliingia ndani ya ufa siku nilipokichovya. Niliujua."

"Uliujua?"

"Utanipiga baadaye. Sasa mshike kichwa asitikisike."

Kipande kile hakikuwa na mpini. Kilikuwa na makali tu. Kakakuona akakishika kwa viganja vyote viwili, akakikaza, akaanza kukata. Alipovuta, kilikata kamba. Alipovuta, kilikata na viganja. Damu ikamwagika juu ya shingo ya Paa, naye akadhani ni yake, akaanza kuaga dunia.

"Mwambieni mume wangu..."

"Nyamaza, mwanangu," akasema Kakakuona. "Hii si damu yako."

Mbwa walikuwa hatua ishirini ulipokatika uzi wa tatu. Paa akaruka kichakani. Nguchiro akaingia shimoni. Kakakuona akajiviringisha akawa tufe; mbwa wakauma magamba, yeye akabingirika mteremko mpaka ndani ya matete, na maji yakaifuta harufu yake.

Jioni wanyama wote wakakutana. Hakuna aliyemwita Kakakuona. Alikuja mwenyewe, mikono imefungwa majani.

"Kilikohoa mara tatu," akasema. "Mliniuliza mara tatu. Nilisema uongo mara tatu. Sikutaka mjue kwamba kisu changu huvunjika."

Bi Kanga akashuka tawini. "Na mimi nilisikia," akasema kwa sauti ndogo. "Nililia, lakini sikusema."

Nguchiro akasimama. "Afukuzwe! Leo ni Paa, kesho ni nani? Mimi nilimwambia mwanamke aliye tanzini atulie, kwa sababu ya alama ya huyu bwana! Mate yangu yote nimeyamaliza nikimsifu!"

Tandala akaamuru mipini ya visu sita ivunjwe. Ikavunjwa. Visu vikaning'inizwa uchi mbele ya watu wote, vikagongwa kimoja kimoja. Ngiiii, ngiiii, ngiiii! Vyote sita vilikuwa vizima. Hata hivyo, kabla havijalia, hakuna aliyethubutu kupumua. Uongo wa kimoja ulikuwa umevitia vyote hatiani.

Ndipo Tandala akamgeukia Paa. "Shingo ni yako. Sema wewe."

Paa akasema, "Fundi, nimekusamehe. Lakini usiniambie halikuwa jambo. Nusura nife na mtoto wangu kwa ajili ya jina lako. Kile kisu cha saba kifue upya, na ukigonge mbele yangu."

Kakakuona akakifua upya, viganja vikiwa vibichi, kila pigo la nyundo likimtoa jasho. Bi Kanga alivuta mivukuto. Maji yakangojewa mpaka yakapata joto. Kisu kikagongwa mbele ya Paa, kikalia, na Nguchiro akakipokea bila mzaha.

Hicho ndicho kilichokuwa kisu chake cha mwisho. Viganja vilipona, lakini mishipa ilikuwa imekatika, vidole havikufunguka tena. Ndiyo maana hata leo, ukibahatika kumwona Kakakuona, utamwona anatembea kwa miguu ya nyuma, ameikunja mikono kifuani. Hakufukuzwa. Alisamehewa. Lakini msamaha haukumrudishia vidole.

Fundisho ni hili: ufa uliofichwa hauponi, unangoja tu siku ya kamba. Na anayesikia ufa akanyamaza, ameushika mpini pamoja na mwenye kosa.

Hadithi nimeitua hapa chini. Kilicho chema kibebeni mwende nacho, nilipokosea niachieni mimi.

Lakini kabla hamjainuka: wewe mwashi uliyepaka lipu juu ya ukuta mbovu, wewe mshonaji uliyeficha uzi uliooza, wewe uliyetia saini jambo usilolipima, nawe uliyesikia ukanyamaza, sikuhukumu, nakusihi. Aliyepewa kazi yako bado anaitumainia, na kamba bado haijamfika shingoni. Inuka leo, mwendee, umwambie kweli, na kazi hiyo uirudishe motoni.