Fundi Mughith na Karatasi Zilizochanika

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama ambazo maandishi yote ya maana yaliandikwa juu ya ngozi, palikuwa na kiwanda cha ngozi za kuandikia, na msimamizi wake aliitwa Mughith bin Shaddad. Alikuwa mja mwema, na wasimulizi wote wanakubaliana juu ya hilo. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, hakumpunja mtu ujira wake, na mtoto wa mfanyakazi akiugua, yeye ndiye aliyetangulia kubisha hodi. Naanza na sifa zake makusudi, ndugu zangu, tusije tukadhani kwamba yaliyompata huwapata watu wabaya peke yao.

Kiwandani mwao ngozi za kondoo ziliroweshwa katika maji ya chokaa, zikawambwa kwenye viunzi kwa kamba mpaka zikakaza kama ngoma, kisha zikakwanguliwa kwa kisu hadi zikawa laini na nyeupe. Kuwamba ndiko kulikokuwa roho ya kazi, kwani ngozi isiyowambwa hujikunja ikikauka, haifai kitu. Na walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi hakuna aliyegusa kisu mpaka Ami Zakwan apige mkwanguo wa kwanza kwa Bismillahi. Zakwan ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Ndiye aliyemwokota Mughith alipokuwa yatima asiye na pa kulala, akamfundisha kazi, na Mughith alimpenda kama baba.

Basi mwezi wa Rajabu, Mughith aliitwa faraghani na Khuzaima, katibu wa Diwani, yaani ofisi ya waandishi wa amiri. Katibu akamwarifu kwamba amiri amekata shauri: baada ya Idi Diwani haitapokea tena ngozi, itaandika juu ya karatasi. Akitaka kiwanda kibaki, awaandae watu wake mapema. Kisha akampeleka kwa mgeni mmoja wa msafara aliyeijua kazi hiyo, naye akamwonyesha yote: vitambaa vikuukuu vya kitani vinavyoroweshwa na kutwangwa mpaka viwe uji, uji unavyotekwa kwa chekeche, na ukurasa mbichi unavyobandikwa taratibu kwenye ukuta laini, ukaachwa ukauke wenyewe bila kuvutwa.

Mughith alirudi kiwandani akiwa amenuia kusema. Alimkuta Ami Zakwan ananoa kisu chake huku akivuta uradi kwa sauti ya chini, akameza maneno. Kesho yake akayameza tena. Rajabu ikaisha, Shaabani ikaingia, na minong'ono ya sokoni ikawafikia wafanyakazi. Walipomuuliza, aliwajibu kwamba ngozi ni ngozi, wafanye kazi zao wasisikilize ya watu. Kisha huenda msikitini akamwomba Mola augeuze moyo wa amiri.

Mkewe, Bi Lubaba, alimwona anavyokonda, akamdodosa mpaka akamweleza siri yake.

"Mume wangu," akamwambia, "watu hawa ni amana mkononi mwako. Waambie."

Mughith akasema kwamba yeye amemtegemea Mwenyezi Mungu, naye ni bora wa kutegemewa.

"Kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kusema kweli," akajibu Bi Lubaba.

Yule mwanamke alikuwa na busara kuliko kiwanda kizima, lakini nani alimsikiliza? Woga una hila zake. Humvika mtu joho la ucha Mungu, naye akajitazama akaona limemkaa vizuri. Mughith aliuita woga wake tawakali, akauita ukimya wake huruma, na Ramadhani yote akafunga tumbo na ulimi kwa pamoja.

Idi ikaja ikapita. Wafanyakazi walirudi kazini nguo zao zingali zinanukia udi, wakakuta viunzi vimesukumwa kando na marundo ya vitambaa yamejaa katikati. Mughith akawaambia kwamba amri ya amiri imewajia ghafla, yeye naye kama wao. Huo ndio uliokuwa uongo wake wa kwanza ulio wazi. Akawaelekeza kurowesha na kutwanga, akijifanya anabahatisha, na wao wakatwanga kwa bidii ya watu wanaotetea riziki za watoto wao.

Ami Zakwan alikuwa amesimama, kisu chake kimefungwa katika kitambaa. Akauliza neno moja tu: "Na mimi nianze wapi?"

Mughith alikuwa amefikiria vitambaa, vinu na chekeche. Hilo hakulifikiria. Akamwambia Ami apumzike kwa leo, na mzee akaenda kukaa kizingitini.

Kurasa mbichi zilipotoka kwenye chekeche, wafanyakazi walifanya lile ambalo mikono yao ililijua. Walizitunga kwenye viunzi, wakazifunga kamba, wakazikaza. Mughith aliwaona. Neno lilimfika ulimini, kwamba hizi haziwambwi, hubandikwa ukutani. Lakini wangemuuliza amejuaje, ameona wapi, na lini. Akanyamaza. Kurasa zikachanika moja baada ya nyingine, na wale maskini, wakidhani hawakukaza vya kutosha, wakazidi kukaza. Ilipoingia alasiri sakafu ilikuwa imejaa vipande vilivyolowana, na watu wazima wenye ndevu wakalia mbele ya wenzao. Ami Zakwan akainuka, akakiweka kisu chake juu ya meza ya kazi, akatoka bila kutoa salamu. Tangu wamjue hakuwahi kuondoka bila salamu.

Asubuhi yake akaja Katibu Khuzaima. Aliitazama ile sakafu, akamvuta Mughith pembeni kidogo, wafanyakazi wakiwa wamesimama mlangoni vichwa chini.

"Hawa wamezoea ngozi, hawafundishiki," akasema. "Niambie tu kwamba uliwafundisha wakakaidi, nami nitakuletea watu wengine. Wewe utabaki na cheo chako."

Moyo wa Mughith ulikuwa umekufa ganzi. Aliiona njia ya kutokea, pana na rahisi, na mwisho wake akaziona nyuso za watu wale wakiwa mitaani na watoto wao. Akapaza sauti ili wote wasikie.

"Hawakukaidi, hawakufundishwa. Mimi nimejua tangu Rajabu, nikawaficha. Na jana nimewaona wakiwamba, nami najua kwamba karatasi haiwambwi, nikanyamaza ili uongo wangu usijulikane."

Msidhani walimkumbatia. Hakuna aliyemsifu. Mmoja, rafiki yake wa tangu ujana, aligeuza uso akatazama ukuta. Katibu akamvua usimamizi palepale, lakini kwa kuwa watu hawakuwa na kosa, akawaacha kazini na kumleta yule mgeni awafundishe. Wakajifunza kwa muda mfupi, maana mikono yao haikuwa mizito kamwe, na hilo lilimuuma Mughith kuliko kuvuliwa cheo. Aliomba aachiwe kazi ya kufua vitambaa. Akapewa.

Jioni ya siku ile aliyokiri, alikwenda kwa Ami Zakwan. Alimkuta amejilaza mkekani. Akapiga magoti, akaeleza yote, akaomba radhi, kisha akamsihi arudi kiwandani, asubuhi awe yeye wa kuteka chekeche la kwanza kwa Bismillahi, desturi isife.

Mzee akajiinua kwa kiwiko. Kisha akasema: "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ungeniambia Rajabu, ningelia Rajabu, na Shaabani ningejifunza. Umeniletea kilio na mafunzo siku moja, na umri wangu hauwezi kuvibeba vyote viwili."

Mughith akaubusu mkono wake, ambao ulikuwa ungali mkavu kwa chokaa, akatoka. Mwezi wa Mfunguo Pili haukuisha, Ami Zakwan akatutangulia mbele ya haki. Karatasi za kiwanda kile zikapata sifa, na watu wake wakala na kusaza. Lakini inasemekana kwamba kila asubuhi, kabla ya kuteka, walisimama kidogo kando ya pipa la uji kwa mazoea, kama wanaomngoja mtu. Kisha mmoja wao huanza. Na Mughith, kule pembeni, mikono yake katika maji baridi, aliitamka ile Bismillahi kwa midomo bila sauti, na hakumtazama mtu.

Toba yake ni baina yake na Mola wake, na dhana yetu kwa Mola ni njema. Lakini aliyepewa watu awaongoze na azingatie: habari chungu ni haki yao kama ulivyo ujira wao, na haki ikicheleweshwa huwa dhuluma, hata aliyeichelewesha awe anaswali safu ya kwanza. Mughith aliisema kweli, na kweli ikawaokoa wote, isipokuwa yule mzee ambaye yeye alimnyamazia kwa mapenzi.