Udongo wa Bibi Nzije

Jamani, mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Nimezoea kuchekesha watu harusini, na hii haina pa kuchekea. Mkiniona nacheka, nizomeeni.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu maana mabati bado yanang'aa, Ndahani na mkewe Yunisi walikuwa wakijenga nyumba pembezoni mwa Dodoma. Siku moja walitandaza ramani juu ya mfuko wa saruji.

"Baba Sechelela," Yunisi akasema, "huu ukuta wa jiko na sebule uondoke. Mtoto ana kifafa. Nikisonga ugali nataka nimwone."

"Uondoke," Ndahani akasema. "Na jiko la uani tusijenge, pale nataka tangi la maji. Fundi Chilewa, umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

Kalamu ikapita, ukuta ukafa. Wote watatu walijua kuwa Bibi Nzije, mama yake Yunisi, atahamia humo. Wote watatu walijua kuwa kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, seuze kumwona ameinama jikoni anaonja mchuzi. Wote watatu wakanyamaza.

Wakahamia. Bibi akawa anapika mkwe akiwa kazini. Mkwe akawa haingii mpaka sufuria zioshwe. Miezi mitatu wakaishi kama jua na mwezi. Jumanne moja, saa sita mchana, Ndahani akarudi malaria imempanda, akajitupa kwenye kochi. Yunisi alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Bibi yuko kwenye jiko la gesi, maharage yanachemka, na mlango wa kutokea uko pale kwenye kochi. Afanyeje? Akavua kitenge cha mabegani, akakitundika kwenye kamba ya mataulo kando ya jiko, kati yake na mkwe, akaendelea kukoroga.

Kitenge kikashika moto. Kikamwangukia.

Siku ya tatu tulikuwa makaburini. Mzee Lubeleje, kaka wa marehemu, akasimama kwenye ukingo wa shimo.

"Aliyemuua dada yangu hatii udongo hapa. Ajitaje."

Yunisi akafumbata udongo wake. "Mjomba, mimi nilisema ukuta utoke. Lakini Seche alishaanguka mara mbili nyuma ya ukuta wa nyumba ya kupanga, amejiuma ulimi, damu tele. Ningemchagua nani, mama au mtoto? Niacheni nimzike mama yangu."

Fundi Chilewa akafumbata wake. "Mzee, bibi alinichotea maji ya zege kwa mikono yake. Akaniuliza, 'Fundi, mbona ukuta siuoni?' Nikamjibu, 'Unakuja, bibi.' Nilidanganya. Lakini fundi akibishana na mwenye nyumba, kesho anaitwa fundi mwingine. Niacheni nimzike aliyenichotea maji."

Ndahani hakuweza kufumbata kitu. Mikono yake ilikuwa kwenye bandeji. "Mjomba, ningemtajaje mama mkwe mbele ya fundi? Ni aibu. Na siku ile nilimsikia akilia. Nikasita. Nguo zinaungua, nitamwonaje mama mkwe wangu hana nguo? Nikafumba macho kwanza. Ndipo nikaingia, nikipapasa kufuata sauti yake. Niacheni, hata kwa mguu, nisukume udongo."

Mzee Lubeleje akawatazama mmoja mmoja. Akashindwa. Akatugeukia sisi waombolezaji: "Semeni ninyi."



Sasa kuna jambo nimewaficha. Tangu enzi za mababu, bibi akikutwa na mkwe hugeuza mgongo tu, inatosha, heshima imekaa. Kwa nini siku ile mgongo haukutosha? Kwa sababu Jumapili iliyotangulia palikuwa na jirani aliyekuja kukagua nyumba mpya. Akamkuta bibi jikoni, sebule imejaa wageni, akapaza sauti: "Aisee, bibi yetu siku hizi anapikia jukwaani! Geuka basi, watazamaji tumeshaona mgongo, tunataka sura!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi naye alicheka, mkono mdomoni.

Jirani huyo ndiye anayewasimulia. Na Mzee Lubeleje alipouliza, viganja vyangu vilikuwa vitupu: nilishatia udongo wangu, wa kwanza kabisa, na nililia kwa sauti kuliko wote.

Je, kati yetu wanne, nani alistahili kunyimwa udongo? Na wangu, nani ataufukua?