Zimwi Lililozunguka Mlima wa Mata

Paukwa!

Pakawa!

Mwanangu yuko wapi?

Yuko pajani pako!

Basi tulia, acha kujishika kichwa, sikiliza.

Hapo kale, katika nchi ya Wahindi, palikuwa na mlima ukiitwa Morgiri. Juu yake palikuwa na hekalu la mungu wa kike, watu walimwita Mata, yaani Mama. Ngazi ya kwenda kwake ilikuwa ya mawe, na ngazi hiyo haipandwi mikono mitupu. Tajiri hapandi mikono mitupu. Mfalme hapandi mikono mitupu. Kiumbe yeyote hapandi.

Chini ya mlima aliishi mwanamke, jina lake Kanku. Kanku alizaa mara tatu. Wa kwanza akaondoka na homa. Wa pili akaondoka na homa. Wa tatu alipozaliwa, mama mkwe wake akasema, "Huyu tusimpe jina zuri. Mwite Kachro." Kachro kwa lugha yao ni takataka. Walitaka ubaya ukipita mlangoni usikie takataka, uende zake.

Na Kanku akaweka nadhiri. Akasema, "Mata, mwache huyu afike miaka mitatu, nami nitakuletea nywele zake za kwanza. Wembe hautamgusa mpaka siku hiyo."

Basi nywele zikaota, zikashuka masikioni, zikashuka shingoni, zikashuka mabegani. Wageni wakimwona wanasema, "Binti mzuri huyo," na Kanku anaitikia, "Asante," wala hawasahihishi, maana hata hilo lilikuwa maficho.

Miaka mitatu ikatimia. Kanku alikuwa na hofu ya zimwi.

Ngoja, zimwi nimelisahau. Hapo Morgiri, kabla ya kupanda, watu huzunguka mlima mara tatu kwa miguu mitupu, na mlima lazima uwe mkono wa kulia. Ndiyo heshima yake. Na nyuma ya wanaozunguka kulikuwa na zimwi. Hakuna aliyewahi kuliona uso, walisikia miguu tu, tindi, tindi, tindi, wakakimbia. Na kila mwaka mtoto aliyekuwa mkiani mwa msafara hakuonekana tena. Miaka saba, watoto saba.

Siku moja asubuhi Kanku akafika na mama mkwe wake na wanawake wa kijiji. Kinyozi akamketisha Kachro, akamnyoa. Mtoto akalia, akanyamaza, akapapasa kichwa chake, akacheka. Kanku akaziokota zile nywele zote, hata unywele mmoja hakuuacha, akazifunga kwenye pindo la sari yake.

Mkono wa kulia akashika kikapu chenye nazi na ladu, vile vitamu vya mviringo, maana sadaka haibebwi kwa mkono wa kushoto. Mtoto akamweka kiuno cha kushoto. Akasimama njia inapoanza, akatazama. Mlima uko kulia. Kwa hiyo mtoto yuko upande wa nje. Upande wa msitu!

Akasema, hapana, hapana, mwanangu atakaa upande wa Mata. Akageuka kinyume na watu wote, mlima ukawa kushoto, na mtoto akawa katikati, baina ya mama yake na mlima.

Wanawake wakapasuka kicheko. "Wee Kanku! Unazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta aliyechanganyikiwa?"

Mama mkwe akaita, "Mwanangu, rudi, unatutia aibu!"

"Nisamehe, mama," Kanku akajibu huku anakwenda. "Aibu nitaibeba, nina nafasi. Mtoto mwingine sina."

Akapishana na msafara mzima, huyu anacheka, yule anasonya, mpaka wakaisha, njia ikawa kimya. Akaanza kumwimbia mtoto:

*Kachro wangu, kaa kiunoni,*
*Mata yuko upande wako.*

Mara, tindi, tindi, tindi. Zimwi hilo! Lilikuwa linawafuata watu kwa nyuma kama kawaida yake, na Kanku akakutana nalo uso kwa uso.

Lilikuwa kubwa kama ghala la mtama, meno kama majembe. Lakini miguu yake, jamani, ilikuwa imepasuka visigino vyote, inatoka damu.

Zimwi likasimama. "Nani huyu anayenijia kwa uso? Watu wote hunipa mgongo."

"Ni mimi, Kanku."

"Nipe huyo mtoto."

"Sikupi."

"Basi nipe kitu."

Akalipatia nazi. Zimwi likaitafuna na kifuu chake, halafu likatazama mikono yake lenyewe. Mitupu. Likasema, "Loo, nimekula tena!" Likaenda zake, tindi, tindi, tindi.

Kanku alitetemeka mpaka mtoto akafikiri anachezeshwa. Akataka kukimbia, lakini nadhiri ni mizunguko mitatu. Akaimba:

*Kachro wangu, kaa kiunoni,*
*Mata yuko upande wako.*

Mzunguko wa pili wakakutana tena, si mmoja anakwenda huku na mwenzake anakwenda kule?

"Nipe huyo mtoto."

"Sikupi. Wa nini kwako? Anaitwa Kachro, ni takataka tu."

Zimwi likainamisha kichwa, likamtazama mtoto, likamtazama mama. "Uongo. Takataka haibebwi hivyo."

Kanku akamvuta mtoto karibu zaidi.

"Basi nipe kitu."

Akalipatia ladu zote. Zimwi likazimeza, halafu likatazama mikono yake. Mitupu. Likasema, "Loo, nimekula tena!" Likaenda zake.

Mzunguko wa tatu kikapu kilikuwa kitupu. Kanku akaimba:

*Kachro wangu, kaa kiunoni,*
*Mata yuko upande wako.*

Zimwi likasimama mbele yake. "Nipe huyo mtoto."

"Sikupi," Kanku akasema, na machozi yanamshuka. "Lakini kwanza niambie, kwa nini kila ukila unatazama mikono yako?"

Hakuna aliyewahi kuliuliza zimwi kitu. Likajikuna, likasema polepole, "Mimi niliapizwa nitembee. Nisikae, nisilale, mpaka nifike kwa Mata na kitu mkononi. Nani anipe kitu? Wakinisikia wanakimbia. Nikipewa chakula, njaa inanishinda, nakila. Nikachukua watoto niwapeleke. Nikikanyaga ngazi, ngazi inanitupa chini. Kitu cha kuiba hakipandi."

"Umewala?"

"Sijawala! Wako pangoni, nawalisha matunda. Wananiogopa. Kanku, nimechoka miguu."

Basi Kanku akaingia katika mtihani. Alikuwa amebakiwa na vitu viwili tu, mtoto na nywele za mtoto. Na zile nywele ni za Mata, ameahidi kwa kinywa chake. Akizitoa njiani, atapanda na nini? Mata akikasirika, homa ikirudi?

Akatazama vile visigino.

Akafungua pindo. "Shika," akasema. "Hizi haziliwi. Ni nywele zake za kwanza."

Zimwi likakinga mikono miwili. "Sijaiba?"

"Nimekupa."

Zimwi likamfuata Kanku, wakamaliza mzunguko mpaka ngazini, likakanyaga ngazi ya kwanza. Ngazi ikatulia. Likakanyaga ya pili. Ikatulia. Likakanyaga ya tatu, likaanza kulia kama mtoto mdogo, na huku linapanda, limeshika nywele kama mtu aliyeshika kifaranga, na Kanku nyuma yake, amembeba Kachro mikononi. Sasa yeye ndiye aliyeifuata ile miguu, tindi, tindi, tindi, mpaka juu.

Kuhani alipoona kinachoingia akajificha nyuma ya kengele. Zimwi likaziweka nywele mbele ya Mata, likasema, "Nadhiri ya Kachro, mwana wa Kanku. Mama yake ameogopa, lakini amekuja."

Likatoka nje, likashuka ngazi moja, likakaa. Likasema, "Aaah." Hilo tu. Likageuka jiwe, mikono imekingwa vilevile.

Huko chini wakatoka watoto pangoni, saba, nywele zao zimefika magotini. Mama zao wakapiga vigelegele, wakaanguka, wakainuka, wakawakumbatia. Wale waliomcheka Kanku wakawa wanambusu mikono.

Kanku naye akawahesabu wale watoto, mmoja mmoja, usoni. Alijua, lakini akahesabu. Wake wawili hawakuwemo. Wao hawakuchukuliwa na zimwi, ilikuwa homa. Akakaa chini akalia, na mama mkwe wake akakaa naye, akalia naye, huku anamsugua Kachro kichwa.

Mwisho mama mkwe akasema, "Sasa tumpe jina zuri."

Kanku akajipangusa pua. "Bado, mama. Mwakani."

Tangu siku hiyo, huko Morgiri, watu wote huzunguka mlima ukiwa kulia, isipokuwa mama aliyebeba mtoto wa kunyolewa mara ya kwanza. Huyo huenda kinyume, na hakuna anayemcheka. Akipanda, huacha kishungi kimoja cha nywele katika mikono ya lile jiwe.

Basi kesho kinyozi akikuweka mbele yake, mwanangu, wewe ulie ukitaka. Mimi nitakuwa upande wako, na nywele zote nitaziokota.

Hadithi yangu imeishia hapo, imekaa kwenye ngazi, imepumzika. Na funzo lake ni hili: kuogopa si kosa, bora uende hivyo hivyo na hofu yako, na yule anayekutisha, mtazame miguu, huenda naye amechoka.